Orodha ya Maeneo ya Anga la Giza: Tathmini kwa Msafiri Anayefuata Nyota

Msafiri anayetaka kuona nyota pasipo mwanga wa miji hukabiliwa na swali moja kabla ya mengine yote: atajuaje kwamba mahali anapokwenda pana giza kweli? Matangazo ya utalii hayamsaidii, kwa kuwa kila kambi iliyo mbali na barabara kuu hujisifu kwa anga lake, na picha zinazoambatana na sifa hizo hupigwa kwa kuacha lenzi wazi sekunde nyingi, zikakusanya mwanga ambao jicho la binadamu haliwezi kuukusanya. Huduma inayolijibu swali hilo kwa uzito kuliko nyingine ninazozijua ni orodha ya maeneo yaliyopewa cheti na shirika la DarkSky International. Nimekuwa nikiitumia kupanga safari zangu, na naona inastahili kuaminiwa sana katika jambo la taa, ila msafiri hapaswi kuidai majibu ya mambo ambayo haikuundwa kuyajibu.

Shirika lenyewe lilianzishwa mwaka 1988 huko Tucson, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, na mwanafalaki David Crawford pamoja na daktari Tim Hunter, na hadi mwaka 2023 lilijulikana kwa jina la International Dark-Sky Association. Utoaji wa vyeti ulianza mwaka 2001, na sasa maeneo yaliyoorodheshwa ni zaidi ya 200. Kuyatafuta kwenye ramani ya tovuti hakuhitaji malipo.

Nguvu kubwa ya orodha hii ni kwamba cheti hakitolewi kwa sababu tu mahali ni pa mbali. Wanaoomba hutakiwa kuleta vipimo vya mwangaza wa anga vilivyochukuliwa usiku, kuorodhesha taa zilizopo, na kuwa na mpango wa taa unaotekelezwa: taa zifunikwe juu ili mwanga uelekee chini, ziwashwe pale tu na wakati tu zinapohitajika, na rangi yake isizidi kelvini 3,000, yaani mwanga uegemee manjano kuliko samawati. Sharti hilo la rangi lina sababu ya kisayansi. Mwanga wenye samawati nyingi hutawanywa na hewa kuliko mwanga wa manjano, kwa hiyo taa nyeupe kali hulifanya anga ling'ae zaidi kuliko taa ya manjano yenye nguvu ileile. Baada ya cheti kutolewa, wenyeji hupeleka taarifa kila mwaka kueleza wamefanya nini, na mimi huliona sharti hili kuwa la thamani kuliko cheti chenyewe, kwa sababu giza ni mali inayopotea kimya kimya, taa moja baada ya nyingine, bila mtu yeyote kuamua kuliharibu.

Mfano unaonishawishi kuliko yote ni Mont-Mégantic, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, mahali palipokuwa hifadhi ya kwanza ya anga la giza mwaka 2007. Kituo cha uchunguzi wa nyota kilichopo juu ya mlima huo kilikuwa kikizidiwa na mwangaza wa miji ya jirani, ukiwamo mji wa Sherbrooke, na badala ya kukubali kwamba darubini imefikia mwisho wa manufaa yake, watu wa eneo hilo walibadilisha maelfu ya taa na manispaa zikapitisha kanuni mpya. Msafiri anayekwenda pale hutazama anga ambalo watu wamelirudisha kwa kazi yao wenyewe, na orodha inapomwelekeza mahali pa namna hiyo, imemtendea haki.

Inafaa msomaji avielewe vipimo vinavyotajwa katika maelezo ya maeneo haya, kwani bila hivyo atashindwa kulinganisha mahali na mahali. Kifaa kinachotumika zaidi ni kidogo cha kushikwa mkononi, ambacho huelekezwa utosini mwa anga na kutoa namba. Namba ikiwa kubwa, anga ni jeusi zaidi: katikati ya jiji kubwa hupatikana 17 au 18, na anga la asili lisilo na taa wala mwezi hukaribia 22. Hatua 5 za kipimo hicho ni tofauti ya mara 100, kwa maana kwamba anga la 17 lina mwangaza mara 100 ya anga la 22. Kwenye 21.5, ambacho ndicho kiwango kinachotakiwa kwa daraja la maeneo ya mbali kabisa, Njia Nyeupe, yaani ukanda wa nyota wa galaksi yetu, huonekana pamoja na mapengo na matawi ya vumbi jeusi yanayoikata, na baada ya machweo mwanga wa zodiaki, yaani pembetatu hafifu inayotokana na vumbi la mfumo wa jua, husimama wima juu ya upeo wa macho. Mtu aliyekulia mjini anaweza kuudhania kuwa mwanga wa mji ulio mbali.

Vipimo vya uwanjani vina faida nyingine ambayo ramani haziwezi kuileta. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Fabio Falchi walichapisha atlasi ya dunia ya mwangaza wa anga la usiku, kazi iliyoonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya watu duniani huishi chini ya anga lililochafuliwa na mwanga, na kwamba zaidi ya theluthi moja hawawezi kabisa kuiona Njia Nyeupe kutoka wanapoishi. Atlasi hiyo nami huitumia, lakini msingi wake ni data ya setilaiti ambayo kihisi chake hakioni vizuri mwanga wa samawati, na huo ndio mwanga unaotolewa kwa wingi na taa nyeupe za LED zilizoenea miaka ya karibuni. Eneo linaweza kuonekana limetulia kwenye ramani ilhali anga lake linazidi kung'aa. Mtu aliyesimama pale na kifaa chake usiku hadanganyiki kwa namna hiyo.

Udhaifu wa kwanza uko katika madaraja. Orodha inachanganya miji na vijiji, mbuga, hifadhi, maeneo ya mbali kabisa, na hata maeneo yaliyo ndani au kando ya miji mikubwa, na yote hubeba jina linalofanana. Msafiri mgeni husoma maneno "anga la giza" akaamini kwamba kila jina humo humpeleka kwenye giza la aina moja. Sivyo kabisa. Flagstaff, katika jimbo la Arizona, mji wa kwanza kupewa cheti mwaka 2001, ni mji wenye makumi ya maelfu ya watu, na sifa yake ni sera: ulianza kudhibiti taa mwaka 1958 ili kulinda vituo vyake vya uchunguzi, kikiwamo cha Lowell ambako Pluto iligunduliwa mwaka 1930. Ni heshima iliyostahili, na ningependa miji mingi iige, lakini anayefunga safari ndefu kutafuta nyota asiufananishe na Natural Bridges katika jimbo la Utah, mbuga ya kwanza kuorodheshwa mwaka 2007, wala na bonde la Elqui nchini Chile, ambako daraja la maeneo ya mbali lilianza kutumika mwaka 2015 kuzunguka vituo vikubwa vya uchunguzi kama Cerro Tololo. Daraja lisomwe kabla ya jina. Ningetamani ramani ianze kwa kuonyesha vipimo na kuacha nembo ije baadaye, kwa sababu nembo huheshimu juhudi za wenyeji na vipimo humhudumia msafiri, na mambo hayo mawili hayalingani kila mara.

Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi, na ndio unaowapotezea watu safari. Cheti huzungumzia taa za chini tu. Hakisemi neno kuhusu kilichoko juu. Chukua hifadhi ya Kerry, kusini-magharibi mwa Ireland, iliyotambuliwa mwaka 2014 kwa daraja la dhahabu, la juu kabisa wakati huo kwa giza, na NamibRand, kusini-magharibi mwa Namibia, iliyopata daraja hilohilo mwaka 2012. Kwa kipimo cha giza, zote mbili ni bora. Lakini Kerry iko karibu nyuzi 52 kaskazini mwa ikweta, na kitovu cha Njia Nyeupe, yaani sehemu yake inayong'aa zaidi, kilicho upande wa kundinyota la Mshale, hakipandi huko zaidi ya nyuzi 9 hivi juu ya upeo wa macho, mahali ambapo hewa nzito na ukungu hukifuta. Isitoshe, kitovu hicho huwa juu usiku wa manane katika miezi ya Juni na Julai, na katika latitudo hiyo jua halishuki nyuzi 18 chini ya upeo tangu mwishoni mwa Mei hadi sehemu kubwa ya Julai, kwa hiyo giza kamili halifiki kabisa. Ongeza mawingu ya Atlantiki. Kerry ni mahali pa kwenda majira ya baridi kuona Kilimia na galaksi ya Andromeda, ambayo mwanga wake umesafiri miaka milioni 2.5 hivi na bado huonekana kwa macho matupu.

NamibRand iko nyuzi 25 kusini. Kitovu kilekile hupita karibu na utosi, katika miezi hiyohiyo ya Juni na Julai, na miezi hiyo ni ya kiangazi ambapo mawingu ni machache sana na usiku ni mrefu. Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo zisizoonekana kabisa kutoka Kerry, hung'aa huko kama vipande vilivyokatika kutoka Njia Nyeupe yenyewe. Aoraki Mackenzie nchini New Zealand, iliyotambuliwa pia mwaka 2012, iko nyuzi 44 kusini, na hapo Msalaba wa Kusini na mawingu hayo hayatui kamwe, huzunguka ncha ya anga mwaka mzima. Kwa maoni yangu, mtu anayeweza kufanya safari moja tu maishani mwake kwa ajili ya nyota aelekee kusini mwa ikweta, kati ya Mei na Agosti. Orodha haitamwambia hivyo, kwa kuwa kwake maeneo haya yote ni sawa.

Suala la mwezi halihitaji maneno mengi. Mwezi mpevu huficha nyota nyingi hafifu popote pale, hata jangwani, na msafiri anayepanga tarehe bila kutazama kalenda ya mwezi amekitupa cheti alichokifuata. Siku chache kabla na baada ya mwezi mwandamo ndizo za kupangia.

Udhaifu wa tatu ni wa malazi. Cheti hupewa eneo, lakini msafiri hulala katika nyumba fulani ndani yake au pembezoni mwake, na anachokutana nacho hapo hutegemea wenyeji. Nimelala katika kambi moja iliyotumia jina la hifadhi katika matangazo yake huku taa nyeupe zikiwaka kwenye kila njia ya kuelekea mahemani hadi alfajiri, na mwongozaji akiwaonyesha wageni makundinyota kwa tochi nyeupe iliyowapofusha kila alipogeuka. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mara nyingine zaidi, kwa kuwa kemikali inayowezesha seli za kuonea gizani hujijenga upya polepole. Mwangaza mkali wa sekunde moja huirudisha kazi hiyo mwanzo. Mwanga mwekundu hafifu huiathiri kidogo sana, ndiyo maana wazoefu hutembea na tochi nyekundu. Kambi isiyojua hilo haijajifunza kazi yake, hata iwe imezungukwa na giza zuri namna gani, na orodha ingewasaidia wasafiri sana kama ingeeleza malazi yapi yanatimiza masharti yaleyale ya taa.

Liko pia suala la nani yumo na nani hayumo. Marekani ina maeneo mengi kuliko nchi nyingine yoyote, na Afrika, bara lenye baadhi ya anga jeusi kuliko yote duniani, ina machache mno, licha ya NamibRand na hifadhi ya urithi ya !Ae!Hai katika Kalahari ya Afrika Kusini kuwa miongoni mwa bora kabisa. Maombi yanadai vipimo vya mara kwa mara, nyaraka, na watu wa kuzifuatilia, na sehemu nyingi zenye giza hazina wafanyakazi wa kazi hiyo. Kwa hiyo kutokuwamo hakumaanishi kukosa giza. Anayeishi karibu na nyika isiyoorodheshwa aitazame atlasi, asubiri mwezi mwandamo, aende akaone mwenyewe kabla ya kukata tiketi ya kuvuka bara.

Hata hivyo naipendekeza orodha hii kwa yeyote anayepanga safari ya nyota, hasa kwa mahali asipopajua na asikokuwa na mwenyeji wa kumuuliza. Aitumie kwanza kuchuja maeneo, kisha alitazame daraja, asome vipimo, ahesabu latitudo na majira, na mwisho awaandikie wenye malazi kabla ya kulipa. Maswali ya kuwauliza ni haya: taa za nje huzimwa saa ngapi, mgeni anaruhusiwa kukaa nje ya uzio au mahali pa wazi usiku kucha, upande gani wa upeo wa macho umezibwa na milima au miti, na mwongozaji hutumia tochi ya rangi gani. Wanaojibu maswali hayo kwa ukamilifu, bila kukwepa hata moja, ndio wa kupelekewa malipo.