Pikapu za gitaa la nusu-uwazi: uliza nta kwanza, utamu wa sauti baadaye

Malalamiko ya wapiga solo wanaonijia ni yaleyale. Gitaa ni la nusu-uwazi, yaani mwili una uwazi pembeni na gogo la mbao katikati, Epiphone Dot au Ibanez ya Artcore, na limetiwa pikapu mpya, zile sumaku zenye waya zinazonasa mtikisiko wa nyuzi na kuupeleka kwenye ampu. Chumbani linaimba vizuri. Ukumbini, ngoma na besi zikishapanda, linapiga mluzi mkali usiokoma mpaka mwimbaji anageuka kukutazama. Fundi analaumiwa, waya zinafunguliwa na kulehemiwa upya, na mluzi uko palepale. Nikiwauliza kama pikapu hizo zilizamishwa kwenye nta, wananiangalia kama nimeuliza habari za mishumaa.

Mambo ya sumaku gani na omu ngapi sitayagusa sana. Hayo kila muuzaji anayahubiri, na kwa hambaka (pikapu za koili mbili) za mtindo wa zamani tofauti zake ni ndogo kuliko tofauti ya ampu yako na ya jirani.

Hambaka ina koili mbili, kila moja na takriban mizunguko 5,000 ya waya mwembamba kama unywele. Mizunguko ikiwa na ulegevu, sauti kubwa ya spika huitikisa, na pikapu inageuka maikrofoni. Kifuniko cha chuma nacho kikichezacheza juu ya koili, ndiyo balaa zaidi. Nta ya moto ikipenya ndani na kuganda, vyote hutulia. Gitaa la mbao nzima huvumilia pikapu isiyo na nta kwa muda. La nusu-uwazi uso wake ni mwembamba, unatikisika wenyewe na kuitikisa pikapu iliyofungwa juu yake. Gogo la kati ambalo Gibson waliliweka kwenye gitaa lao la ES-335 mwaka 1958 lilipunguza usumbufu wa magitaa yaliyo wazi kabisa, lakini halikuumaliza.

Kabla hujatoa hela, pima. Simama mbele ya ampu mpaka gitaa lianze kelele, kisha bana nyuzi zote kwa kiganja. Kelele ikikata, tatizo ni mwili na nyuzi, na pikapu mpya hazitakusaidia: sogea pembeni, punguza besi kwenye ampu, ziba matundu yenye umbo la f usoni mwa gitaa kwa sponji. B.B. King, mpiga gitaa wa bluzi, alikuwa anasokomeza vitambaa kwenye matundu hayo, na mwaka 1980 Gibson wakatoa modeli yake isiyo na matundu kabisa. Lakini nyuzi zikinyamaza na mluzi ukaendelea, mkosaji ni pikapu. Kama ampu ya dukani ni ndogo, ongea karibu kabisa na pikapu huku ampu ikiwa juu. Ukijisikia kwenye spika, irudishe kwenye boksi lake.

Sasa mpangilio wangu, na upendeleo sitauficha.

Namba moja ni Seymour Duncan '59. Ina nta, ina sauti ya hambaka za Gibson za mwisho wa miaka ya 1950, na ile ya upande wa shingo ndiyo ninayoitaka kwa solo safi ya dansi: mviringo bila kuzama kwenye besi. Inapatikana yenye waya wa kusukwa wa kizamani na yenye nyaya nne. Chukua ya nyaya nne. Waya wa kusukwa ni mgumu kuupitisha ndani ya gitaa hili, na ganda lake la chuma tupu likigusa pasipotakiwa, gitaa linakufa kimya.

Ya pili ni Gibson '57 Classic. Nayo ina nta, na sauti yake ni laini zaidi kwa sababu ya sumaku ya Alnico II. Ningeiweka sawa na ya kwanza kama isingekuwa bei yake. Sehemu ya bei hiyo ni jina tu.

Ya tatu, kwa anayetaka mlio wa kukata unaopenya katikati ya tarumbeta, ni Filter'Tron, ile aliyoibuni Ray Butts kwa ajili ya Gretsch miaka ya 1950. TV Jones wanatengeneza zinazoingia kwenye nafasi ya hambaka bila kuchonga mbao. P-90 za umbo la hambaka ni tamu pia, ila ni koili moja: jenereta na taa za ukumbi utazisikia zikinguruma wimbo mzima.

Halafu kuna Seth Lover ya Duncan haohao, na Burstbucker za kwanza za Gibson. Hazina nta kwa makusudi, kwa kufuata hambaka za asili. Studio ni asali. Jukwaani ambapo ampu iko mgongoni kwako, usinisumbue baadaye.

Za bei rahisi zisizo na jina: nyingine zina nta, nyingine zimenyunyiziwa tu, na boksi halisemi. Zipime kwa sauti yako kama nilivyoeleza.

Na hapa ndipo wauzaji wanaponichosha. Niliuliza duka moja kuhusu nta nikajibiwa, "Dada, hambaka zote ni moja." Hapohapo walikuwa wanauza pikapu mbili za upande wa shingo kwa jina la seti. Ya upande wa daraja, kule nyuzi zinakoegemea mwilini, hutakiwa kuzungushwa waya zaidi kidogo, maana pale nyuzi hazichezi sana. Ukiagiza nje, nauli na ushuru vinaweza kukaribia bei ya bidhaa yenyewe, kwa hiyo agiza jozi pamoja, na ulizia urefu wa waya. Wa shingo una safari ndefu kupita gogo la kati hadi kwenye vitufe.

Fundi wako naye aambiwe mapema: gitaa hili mara nyingi halina mlango nyuma. Poti (vidhibiti vya sauti vilivyo chini ya vitufe) na swichi hutolewa na kurudishwa kwenye tundu la f. Afunge uzi kwenye kila shina la poti kabla hajaisukuma ndani, la sivyo atalipa kwa saa nzima ya kuvua gizani, na wewe utalipia saa hiyo.