Nairobi Expressway: uzoefu wangu kama fundi wa mafriji

Natengeneza mafriji na vyumba baridi vya mabucha na mikahawa. Karakana yangu iko Mlolongo, wateja wangu wakubwa wako Westlands, na katikati kuna Mombasa Road. Tangu Nairobi Expressway, barabara ya juu ya kulipia inayopita juu ya Mombasa Road, ifunguliwe Mei 2022 nimekuwa nikiipanda kila kazi inapobana, na ada natoa mfukoni mwangu kwanza kabla mteja hajanirudishia.

Nianze na bei, maana ndiyo watu huniuliza. Gari dogo kutoka Mlolongo hadi Westlands, kama kilomita 27, ni shilingi 500. Ilianza ikiwa 360, ikapandishwa Januari 2024 kwa sababu, tuliambiwa, shilingi imeshuka thamani. Shilingi ikapata nguvu mwaka uo huo, ada ikabaki palepale. Kwenda na kurudi ni 1,000. Mimi huiandika wazi kwenye risiti, mstari wake peke yake, na mteja akiuliza namweleza.

Namweleza kwa sababu najua jam ya chini inavyokula pesa. Kati ya Cabanas na Bellevue saa moja asubuhi unasogea urefu wa gari moja, unakanyaga klachi, unasimama. Petroli inaungua na hujaenda popote. Kijana ninayefanya naye kazi analipwa kwa siku, hata kama asubuhi nzima ameketi kwenye gari langu la Probox akiangalia wachuuzi wa maji na njugu wakipenya katikati ya magari. Huko mbele kuna bucha ambalo kompresa yake imezima tangu usiku, na nyama haingoji. Mwenye bucha akipiga simu mara ya kwanza anauliza umefika wapi. Akipiga mara ya pili ameshapata fundi mwingine. Hapo nimepoteza kazi ya leo na mteja wa miaka. Ongeza gari la maziwa, la mkate, la dawa, na matatu baada ya matatu za watu wanaofika kazini wamechoka kabla hawajaanza, ndipo utaelewa mji huu unapoteza nini kabla ya saa nne asubuhi.

Huko juu ninachonunua hasa ni uhakika. Kabla sijapanda namwambia mteja nitafika saa fulani, na nafika. Siku hizi naweza kupokea kazi mbili za Westlands kabla ya mchana, jambo ambalo zamani nisingethubutu kuahidi. Kwa kazi ya dharura ile 500 inajilipa, sina shaka.

Kasoro ipo pale unaposhuka. Foleni ya Westlands asubuhi inakupokea mlangoni, na njia ya kulipa taslimu nayo huwa na mstari wake. Ukipita mara kwa mara, chukua kile kifaa cha kubandika kiooni, kinacholipa ada chenyewe.

Lakini kuna jambo linaniuma kila nikitazama chini nikipita uwanja wa Nyayo. Watu wengi wa mji huu hawana gari, wako kwenye matatu, na matatu nyingi ziko kule chini kwenye jam ile ile. Singapore ilianza kutoza magari yanayoingia katikati ya mji mwaka 1975, London ikafuata 2003, na New York Januari 2025. London na New York pesa hiyo inarudi kwenye usafiri wa umma, kwa hiyo hata asiye na gari anapata chake. Ada yetu inarudisha gharama za wajenzi kwa mkataba wa miaka 27. Barabara ya Rironi hadi Mau Summit nayo imepangwa kulipiwa, kwa hiyo mtindo huu umekuja kukaa. Ningelipa hata zaidi, na kwa moyo mweupe, kama sehemu ya ile 500 ingenunua mabasi yenye njia yake. Ule mstari mwekundu wa kutenga njia ya mabasi ulichorwa Thika Road mwaka 2018, na mpaka leo mabasi yenyewe tunayangoja.

Ushauri wangu kwa anayeishi upande huu: ukiwa na vifaa vizito na mtu anakungoja, panda juu bila kujiuliza mara mbili. Mimi nikiwa na mtungi wa gesi na ngazi sina njia nyingine. Nikienda kununua spea tu mjini, naacha gari na kupanda treni ya asubuhi pale Syokimau, stesheni iliyofunguliwa 2012. Jumapili asubuhi pita chini tu, Mombasa Road iko wazi na hulipi kitu.