Mashine ya oksijeni ya lita 10 kwenye wodi ya watoto njiti, Dodoma: uzoefu wangu

Mashine yenyewe ni nzuri. Inanasa naitrojeni ya hewa ya kawaida na kutoa oksijeni ya karibu asilimia 93, na kwa kigawanyo cha njia 5 inahudumia vichanga watano, kila mmoja nusu lita hadi lita 1 kwa dakika. Kinachoiangusha ni chumba.

Usiiweke ndani. Inanguruma, na njiti anahitaji utulivu. Ikae koridoni, mpira upite kwenye tundu la ukutani. Kwa mita 8 mtiririko haukupungua. Iache sentimita 30 kutoka ukutani. Ikibanwa, kompresa inapata moto na taa ya njano inawaka: oksijeni imeshuka.

Vumbi ndilo adui mkubwa hapa kwetu. Kijitabu kinasema chujio la nje lioshwe mara moja kwa wiki. Kwa upepo wa Dodoma wa Agosti hadi Oktoba, hiyo haitoshi kabisa. Osha kila baada ya siku mbili kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Uwe na machujio mawili, kwa sababu lililooshwa lazima likauke kabisa. Likirudishwa bichi, unyevu unafika kwenye zeolaiti, yaani punje zilizo ndani ya mashine, nayo ikilowa hainasi naitrojeni tena.

Stabilaiza ya kutuliza umeme nunua siku hiyohiyo ya kununua mashine. Mtungi wa akiba wa lita 6,800 ukae jirani: kwa watoto watano wa lita 1 kila mmoja unadumu saa 22 hivi umeme ukikatika.

Kosa ninaloliona zaidi ni kufunga kigawanyo juu ya vitanda vya watoto tu. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri njiti aanze kangaruu, yaani kulazwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, hata kabla hajatulia kabisa, isipokuwa akiwa hawezi kupumua mwenyewe, yuko kwenye mshtuko au anahitaji mashine ya kumpumulia. Basi mpira ufike kifuani kwa mama! Fungeni kigawanyo katikati ya vitanda vya akina mama, na mpira wa mita 2 unatosha.

Chupa ya maji ya kulainisha hewa iondoeni; kwa mtiririko mdogo hivi haina kazi, inafuga bakteria tu.

Upungufu: haiji na kipima oksijeni ya damu kinachofungwa mguuni mwa mtoto, na bila hicho msiiwashe. Njiti aliye kwenye oksijeni, kipimo chake cha damu kibaki kati ya asilimia 90 na 95. Kikizidi hapo punguzeni, macho yake yanaweza kuharibika.