Catalyst 9200L: swichi inawaka upya, kamera hazina habari

Mimi ni fundi wa mtandao kwenye hoteli moja ya ufuoni Diani, na pale simwogopi meneja. Namwogopa askari mzee wa geti la nyuma. Kila nilipoiwasha upya ile swichi ya zamani, kile kisanduku kinachounganisha vifaa vya mtandao, simu ya upepo ililia papo hapo: "Mwanangu, skrini zimekuwa nyeusi tena!"

Mzee ana haki yake. Kamera, simu za vyumbani na vifaa vya Wi-Fi vyote vinapata umeme kupitia waya uleule wa mtandao, yaani PoE. Swichi ya kawaida ikiwaka upya, umeme huo hukatika. Vifaa vinalala, vinangoja swichi iamke, ndipo navyo vianze kuamka. Kamera ya kuzunguka ndiyo inayoudhi zaidi: ikipata umeme hugeuza shingo huku na huku, juu na chini, mpaka ijue iko wapi, halafu ndiyo irudi kutazama geti.

Swichi ya Cisco Catalyst 9200L ya poti 24, yaani matundu ya kuchomeka waya, tuliifuata kwa jambo moja tu, lile wenyewe wanaloliita Perpetual PoE. Programu ya swichi inaweza kuwashwa upya huku poti zikiendelea kutoa umeme. Na kweli zinatoa. Usiku wa majaribio niliamuru swichi iwake upya nikatoka nje kutazama: vile vitaa vyekundu vya kamera havikupepesa. Swichi ilipomaliza kuamka, picha zilirudi papo hapo, bila kamera kuzungusha shingo.

Haiji ikiwa imewashwa. Unaingia kwenye mipangilio ya poti, unaandika power inline port perpetual-poe-ha, unahifadhi. Lakini angalia mtego huu: kama kifaa kilikuwa tayari kimechomekwa, lazima uizime poti na kuiwasha tena ndipo amri ishike. Maana yake kila kifaa kitakatikiwa umeme mara moja hiyo. Ifanye kazi hiyo siku unayofunga swichi, usingoje usiku wa kuweka programu mpya.

Sasa lile ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: kinachobaki ni umeme, mtandao haupo. Simu ya chumbani itakuwa na mwanga kwenye kioo lakini haipigi. Kamera iko macho, ila picha hazifiki kwenye kinasa hadi swichi iamke, na hilo huchukua dakika kadhaa. Dawa ni kamera zenye kadi ya kumbukumbu, zijirekodie zenyewe wakati huo. Bila kadi, umenunua nusu ya faida.

Wala Perpetual PoE haina msaada stima ikipotea. Hapo ni UPS, yaani betri ya akiba, au ile ndugu ya Perpetual PoE, Fast PoE, ambayo kwetu imekuwa na thamani kuliko hata niliyoifuata. Amri yake ni power inline port poe-ha. Stima ikirudi, poti zinapewa umeme ndani ya sekunde 15 hadi 20 hivi bila kungoja programu ipande, hivyo kamera na swichi zinaamka pamoja. Sisi ambao jenereta inajivuta kabla ya kushika mzigo, zile dakika zinazookolewa tunaziona.

Piga hesabu ya wati kabla ya kulipa. Hii ya C9200L-24P ina wati 370 za PoE kwa kifaa kimoja cha kuilisha umeme (power supply). Zinatosha poti zote 24 zikichukua wati 15.4 kila moja, lakini ukiwa na vifaa vinavyotaka wati 30 kamili, utalisha 12 tu. Kamera zetu hazili sana, kwa hiyo tumepumua. Feni zinasikika, mapokezi usiiweke.

Bei inauma, na leseni ya programu inakuja juu yake. Mwenye duka na kamera nne asijisumbue: achukue swichi ya bei nafuu, aiwashe upya saa nane za usiku, alale. Ila kama milango yako ya kadi inakula PoE, hapo usibane pesa, na kabla ya kununua chochote mwulize aliyekufungia milango: umeme ukikatika, kufuli zinajifunga au zinajifungua?