Upinde wangu wa Eyasi umechomwa jina la duka

Niliupeleka upinde wangu katika duka moja la vinyago na silaha za jadi mjini Arusha ili ubadilishiwe ugwe, yaani kamba yake, basi. Nimerudishiwa ukiwa umepigwa msasa, umepakwa vanishi, na juu ya mshiko umechomwa jina la duka lao kwa chuma cha moto.

Upinde huo niliupata Mangola, karibu na Ziwa Eyasi, miaka kadhaa iliyopita, kwa mzee wa Kihadzabe aliyeuchonga mwenyewe, kama ilivyo desturi ya wanaume wa jamii hiyo kujitengenezea pinde na mishale yao. Haukuwa na jina wala nembo, na kwangu hiyo ndiyo iliyokuwa tunu yake. Makovu ya kisu yalionekana tangu katikati hadi nchani, marefu pale mti ulipokuwa laini, mafupi na ya tahadhari karibu na kifundo ambacho mzee alikizunguka badala ya kukikata. Ugwe ulikuwa wa kano za mnyama zilizosokotwa. Mishale yake ya mti wa mkole ina alama za meno hadi leo, kwa kuwa Wahadzabe huipasha moto kisha huinyoosha kwa kuing'ata.

Nilipouliza ni nani aliyeruhusu kazi ile, mhudumu alinijibu bila kuinua macho kwenye simu yake: "Mama, upinde usio na jina ni fimbo tu. Wageni wananunua jina." Nilimweleza kwamba sikuuleta kuuzwa. Akacheka, akamwita mwenzake aje amwone mama anayelilia kijiti. Maneno hayo yameniuma kuliko hata ile chapa.

Nitende haki: ugwe wa nailoni waliofunga umekazwa vizuri, na ukilowa haulegei kama kano. Kwa kazi niliyowaomba walistahili nyota tatu, na nilikuwa nimekwisha kuamua kuwapa. Kisha nikauvuta upinde nyumbani, nikaona upande mmoja unapinda kuliko mwenzake, maana msasa uliondoa mti bila mpango wowote. Zaidi ya hapo, wameusugua hadi mgongoni, yaani upande usiomwelekea mvutaji, mahali ambapo nyuzi za mti zikikatwa upinde huanza kuchanika. Nyota hizo nimezifuta zote.

Jambo jingine nililiona nikiwa nasubiri. Pinde zote zilizotundikwa ukutani mwao zilikuwa na vanishi ileile na jina lilelile, hata usiweze kutambua upi ulichongwa kwa kuwindia na upi ulichongwa juzi kwa ajili ya watalii. Kazi ya mikono ya watu ambao hawakuwahi kukanyaga duka hilo sasa inaitwa kwa jina la duka.

Baada ya mabishano marefu wamenirudishia fedha, wakajitolea kuikwangua chapa bila malipo. Nimekataa, kwa sababu upinde huo umekwisha kupoteza mti wa kutosha. Nitaupeleka Mangola kwa watu wanaoujua, wautazame kama bado unafaa kuvutwa. Mwenye upinde wa aina hiyo, akilazimika kwenda katika duka lile, asiuache nyuma hata kwa saa moja. Asimame palepale ugwe unapofungwa, kisha aondoke nao.