Daftari la kakeibo: kwa matumizi ya wiki safi sana, kwa wenye madeni soma kwanza

Niseme tu mapema, hili daftari mi nalipenda na bado nalitumia, ila kama una mikopo afu unalinunua ukitegemea lenyewe ndo likutoe huko, utakwama, na sababu ntaeleza.

Kwa ambao hamlijui, kakeibo ni daftari la hesabu za nyumbani la Kijapani. Lilianzishwa na mwandishi wa habari wa kike anaitwa Hani Motoko mwaka 1904, yani tangu kabla hata ya redio majumbani, na mpaka leo watu wanalitumia, saivi yapo matoleo ya lugha kibao. Hakuna apu, hakuna neno la siri, ni kalamu na karatasi basi. Mwanzo wa mwezi unaandika hela zinazoingia, unatoa vile visivyokwepeka kama kodi na bili, unatoa akiba palepale kabla hujagusa kitu, kinachobaki ndo unakigawa kwa wiki. Kila wiki ina kurasa zake na kila ulichotumia unakiweka kwenye mafungu manne: ya lazima, ya kutamani tu, ya kujiendeleza na burudani kama vitabu na sinema, na ya ghafla. Mwezi ukiisha unajijibu maswali, ulikua na kiasi gani, ulitaka kuweka akiba kiasi gani, umetumia ngapi, na mwezi ujao ubadilishe nini.

Uzuri wake mkubwa ni huo mpango wa wiki. Bajeti ya mwezi ina ujanja mmoja mbaya, siku kumi za kwanza unajiona tajiri, unakuja kushtuka hela imebaki kidogo na siku bado nyingi. Kwa wiki ukizidisha Jumanne, Jumapili unaiona na wiki inayofuata unabana, hasara inakua ndogo. Na kule kuandika kwa mkono kunauma jamani, kuna vitu unavirudisha dukani kichwani kabla hata hujavinunua kwasababu unajua utakuja kuviandika jioni kwenye fungu la kutamani, na mwenzio anasoma. Hapo kwenye lazima na kutamani mjiandae na mabishano lakini, bando la intaneti tu nyumbani kwetu halijapata makazi ya kudumu mpaka leo.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni ya hesabu, na hii sio ya hili daftari tu, bajeti nyingi za wiki zinayo. Linachukulia mwezi una wiki nne. Mwezi wa hivo ni Februari peke yake, tena isiyo na siku ya 29! Mwaka una wiki 52, ukisema nne mara kumi na mbili unapata 48, zile nne zingine nani anazilisha? Chukua mtu anapata 520,000 kwa mwezi, akigawa kwa nne anaona ana 130,000 kila wiki, anatumia kwa amani kabisa. Zidisha mara 52 uone, ni 6,760,000, wakati kwa mwaka mzima kaingiza 6,240,000. Pengo ni 520,000, yani mshahara wa mwezi mzima, na pengo kama hilo kwa watu wengi linazibwa na mkopo. Njia sahihi ni kuzidisha kipato cha mwezi mara 12 halafu kugawa kwa 52, kwa huyo mtu inakuja 120,000 kwa wiki. Hiyo hesabu nimeiandika ndani ya jalada kwa kalamu nyekundu.

Kasoro ya pili ndo nzito. Akiba imepewa ukurasa mzuri kabisa, ina lengo, ina mahali pa kuandika unaweka kwa ajili ya nini, deni halina hata mstari. Rejesho unalichomeka kwenye bili pamoja na umeme, limeisha. Kwa mtu asiye na deni sawa, ila kwa mwenye deni hilo ni tatizo maana daftari linakusukuma uweke akiba kwanza ilhali riba inakula upande wa pili. Tuseme unadaiwa 100,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, hiyo ni 3,000 kila mwezi. Afu una 100,000 nyingine imelala kwenye akiba inayokupa asilimia 6 kwa mwaka, ambayo ni 500 kwa mwezi. Unajisifu una akiba huku unapoteza 2,500 kila mwezi.

Wengine watasema basi usiweke akiba kabisa mpaka deni liishe, mi hapo nakataa. Ukibaki mtupu, dharura ya kwanza ikibisha hodi unarudi kukopa, tena haraka haraka na kwa masharti mabaya zaidi. Ninavyofanya, akiba inakua ndogo tu ya kuziba dharura, ikifika kiwango nasimama, ziada yote inaenda kwenye deni lenye riba kubwa zaidi na mengine nayalipa kile kiwango cha chini. Kuna wanaoanza na deni dogo kuliko yote ili walimalize wapate moyo, kwa hesabu unalipa riba zaidi ila kama moyo ndo unaokuangusha kila mara fanya hivo, bora njia ghali kidogo unayoimaliza.

Kwenye daftari nimefanyaje? Ule ukurasa wa lengo la akiba nimeugawa kwa rula, juu akiba, chini madeni, kila deni na riba yake na limebaki ngapi, na kila Jumapili nasogeza namba. Namba zikishuka unasikia raha kuliko akiba ikipanda, sijui kwanini.

Mengineyo madogo madogo. Karatasi nyepesi, kalamu ya wino inatokeza nyuma, tumia bolpeni. Nafasi ya kila siku ni finyu kwa nyumba yenye watu wengi, stakabadhi nabana na klipu mwisho wa wiki ndo nahesabu kwa pamoja. Halikujumlishii, so simu iwe karibu.

Kama kipato chako hakieleweki, wiki hii kipo wiki ijayo hakipo, usianze na hili mpaka ujue angalau wastani wako wa chini kabisa ni ngapi, vinginevyo ile kurasa ya kwanza itakusumbua kila mwezi. Na ukinunua chagua toleo lisiloandikwa tarehe. Yale yenye tarehe ukiruka wiki mbili tu yanakusuta, na ukilipata katikati ya mwaka nusu nzima ya kurasa umezilipia bure.