Hajati wa dawa za kienyeji pale Owino, kwangu amefaulu

Nyinyi mnaouliza kila siku mganga wa mitishamba wa kuaminika Kampala ni nani, mimi nitamsema huyu Hajati wa soko la Owino, upande ule wa magome na mizizi. Nilimpelekea kikohozi kilichokataa kuisha nikijua atanifungia majani kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, aniambie kachemshe, kumbe maswali kwanza: kimeanza lini, usiku unatoka jasho, nguo zimeanza kulegea, unameza dawa gani za hospitali, una presha, una sukari. Aliposikia kimepita wiki mbili akanirudishia pesa yangu mkononi. "Mwanangu, kapime makohozi kwanza, TB siyo ya gome." Na kweli kwenye senta za gavumenti TB wanapima bure na dawa zake ni bure, sasa kwa nini mtu ufe na aibu?

Majibu yalipotoka hamna TB ndio akanipa abasi, ule mti wengine wanauita mukuzanume, gome lake linawasha kama pilipili. Unatafuna kidogo au unachemsha unakunywa vuguvugu. Koo limefunguka na usiku nalala, ila kusema haki siwezi kuapa ni gome peke yake maana wakati huohuo nilitoa sigiri ya makaa chumbani.

Kitu ambacho sikupenda ni vipimo. Anakwambia "kiganja kimoja", sasa kiganja cha nani, changu au cha mtoto? Karatasi yenye maandishi hamna, mpaka nilimuomba arudie nikaandika kwenye simu, na nyinyi fanyeni hivyo hivyo. Halafu ile emumbwa, udongo uliochanganywa na dawa ambao wanawake wenye mimba wanasugua kwenye jiwe na maji, nilimuuliza ndani kuna majani gani akataja mawili tu akanyamaza. Mke wangu hatainywa hiyo mpaka nijue yote, hapo Hajati anisamehe.

Bei nzuri, kuongea naye hulipi, unalipa dawa tu, mimi nilitoa elfu kumi. Na hakuniuzia chupa zile za kutembezwa kwenye taksi, ati moja inatibu sukari, presha, vidonda vya tumbo na ukimwi pamoja. Jamani hizo muachane nazo! Dawa ya mitishamba ya chupa inatakiwa isajiliwe NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, tafuta namba yao, na sheria ya waganga wa asili tunayo tangu 2019 kwa hiyo mtu akikwambia acha ARV zako unywe yake, ondoka hapo hapo.

Nendeni asubuhi kabla soko halijajaa, mchana hana nafasi ya kukusikiliza vizuri, na mbebe vidonge vyenu vyote vya hospitali avione maana ataviuliza.